Kumi ya Kwetu, Kumi ya Kwao

Mto wetu ni mto wa jina tu. Mwenye miguu mirefu anauruka, na mlevi anauvuka bila kujua. Lakini upande huu ni nyumba ya baba yangu, Zenjuro, na upande ule ni nyumba ya Tokuemon, na kwa vizazi vingi watu wa nyumba hizi mbili wamefua mitutu ya bunduki huku wakitazamana kwa pembe ya jicho. Wote hufua kipimo kimoja. Ni mtutu wa kupitisha risasi ya mviringo yenye uzito wa kumi kwa mizani yetu, nasi twauita kumi, basi. Ila kila nyumba ina kipimo chake cha mfupa, kimeviringishwa kwenye hariri nyuma ya kibao cha mababu, na hakuna mtu wa upande wa pili aliyewahi kukitia machoni. Bunduki ikiuzwa, inauzwa pamoja na kalibu ya kumiminia risasi zake, kalibu ya nyumba hiyohiyo. Kutia risasi ya kwao kwenye bunduki ya kwetu ni sawa na kuvaa viatu vya marehemu. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kufunga mshipi wake.

Mimi naitwa Otora, binti wa Zenjuro. Niliolewa mji wa jirani nikarudishwa nyumbani upesi. Mume alisema nina ulimi mkali, nami nikamwambia yeye hana hata huo. Tangu hapo niko kwa baba, na mtu wangu wa karibu ni wifi yangu Ofuji, binti wa Tokuemon, aliyeuvuka mto akaolewa na kaka yangu Isokichi. Ndoa ile ilitikisa kijiji. Wazee waliikubali kwa sharti moja: Ofuji asilete kipimo cha kwao kwetu, wala asipeleke cha kwetu kwao. Aliapa mbele ya moto wa karakana zote mbili. Alichokuja nacho ni kile ambacho kila binti wa mfua bunduki huja nacho, yaani risasi moja ya mviringo ya nyumba ya baba yake, imeshonewa ndani ya mshipi, ili roho yake iwe nzito isitangetange ugenini. Huishi nayo na huzikwa nayo.

Mwaka ule wa vita, amri ilishuka kutoka ngomeni theluji ikiwa bado juu ya paa. Aliyeileta ni Bwana Kuwabara, ofisa kijana mwenye kikohozi na haraka. Akawaita wazee wote wawili kwetu, akalaza juu ya mkeka bunduki moja iliyotoka ng'ambo.

"Bunduki za utambi zimekwisha kazi," akasema. "Huko kaskazini adui anazo hizi. Chunguzeni ndani."

Isokichi aliuelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango akachungulia. Ndani kulikuwa na mifereji mitatu, imechongwa ikizunguka taratibu kutoka shinani mpaka mdomoni. Alichungulia muda mrefu mpaka nikamuuliza kama kuna mwanamke mle. Risasi yake nayo ilikuwa ngeni kwetu. Ilikuwa ndefu, na ncha mbele, na nyuma ina shimo. Kuwabara alieleza kwamba inaingia kwa urahisi, inakaa juu ya baruti, na baruti ikiwaka ule ukingo wa nyuma unatanuka, unauma mifereji, na risasi inatoka ikizunguka kama pia ya watoto. Inampata mtu aliye mbali hata hajausikia mlio.

Sikupenda jinsi Baba alivyokuwa akiitazama ile risasi, kama paka aliyeona samaki.

"Mitutu nusu kwa nusu, nyumba hii na ile," Kuwabara akasema. "Kipimo kumi. Risasi zote zimiminwe nyumba moja, na wanawake wa nyumba hiyo wafunge vifuko. Pana tatizo?"

"Kumi ni kumi," akasema Baba.

"Kumi ni kumi," akasema Tokuemon.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuwasikia wakikubaliana. Ningejua, ningelia palepale. Walipiga kura, kazi ya risasi ikaangukia kwetu.

Nyundo hazikunyamaza tena. Isokichi alijitengenezea meza ya kuchongea mifereji. Ilikuwa gogo refu, na juu yake ufito wenye jino dogo la chuma kigumu, unaozungushwa na mti uliochongwa msokoto. Alikuwa akivuta na kusukuma, anapaka mafuta, anavuta tena, na kila mvuto unatoa uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele. Mimi na Ofuji tulikaa chumba cha nyuma na rundo la karatasi kuukuu zilizotoka kwa watoto wanaosomea hekaluni. Unaviringisha karatasi kwenye kijiti, unatia baruti, unatia risasi, unafunga kwa uzi mweupe, unachovya ncha kwenye nta. Hicho ndicho kifuko. Karatasi zilikuwa bado na maandishi ya watoto: mlima, mto, mvua, mama. Mwanzoni nilikuwa nayasoma kwa sauti tucheke. Baadaye niliacha, nikawa naviringisha bila kutazama.

Vicheko vingine vilitoka ng'ambo ya mto. Ofuji ana mdogo wake mmoja tu, Sanpei, mama yao alikufa akimzaa, na ni Ofuji aliyembeba mgongoni mpaka akaweza kutembea. Bwana wa ngome alikuwa amepungukiwa askari wa ukoo, akachukua vijana wa mafundi na wakulima, na Sanpei akawamo. Kila alipotoka kwenye mazoezi alisimama ukingoni mwa kwao akapiga kelele.

"Dada Otora! Umepata mume?"

"Nakusubiri wewe uote ndevu!"

"Basi utazeeka, maana Baba naye hana!"

Ofuji alikuwa akicheka kwa kuficha mdomo, kisha anashika uzi wake tena, na nilikuwa naona fundo likimponyoka.

Mchana mmoja mshipi wake ulifumuka. Ile risasi ya kwao ikachomoka, ikabingirika hadi kwenye mtutu wetu mmoja uliokuwa umeegemezwa ukutani, umekwisha kusuguliwa ndani lakini haujachongwa mifereji. Nikaiwahi.

"Wifi, roho yako inatoroka! Ngoja niifungie humu."

Nikaitumbukiza mdomoni mwa mtutu. Risasi ya kwetu ukiitumbukiza hushuka polepole ikipumua, sss, kwa sababu hewa haina pa kupita. Ile ya Ofuji ilishuka ikigongagonga, ikafika chini, ngo! kama jiwe kisimani.

Ofuji akaacha uzi. "Rudia."

Nikarudia. Ngo.

"Sasa tia ya kwenu."

Nikatia ya kwetu. Sss.

"Kumi ya kwetu, ya kwa Baba, ni nyembamba," akasema.

"Nyamaza we!" Nikageuka kuangalia mlango, maana kwa maneno hayo machache alikuwa amekwisha kuvunja kiapo. "Wifi, nyamaza."

Lakini hakunyamaza. Alinyanyua kifuko alichokuwa akifunga akakitazama kana kwamba kimemuuma. "Hizi tunazofunga ni za kalibu yenu. Na nusu ya bunduki ni za baba yangu. Na Sanpei anatengenezewa yake na Baba mwenyewe."

Tulimwambia Isokichi akiwa peke yake kisimani. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliyatoa yote.

"Risasi lazima ikae juu ya baruti," akasema. "Juu yake kabisa. Ikikwama katikati ya njia pakabaki uwazi, moto ukiwaka mtutu unapasuka usoni mwa mwenyewe. Na ikiwa nyembamba mno, ukiinamisha bunduki inateleza yenyewe kuja mbele, na balaa ni lilelile." Akanawa uso. "Kwenye mitutu ya baba mkwe hizi zetu zitaingia ikiwa misafi. Masizi ya baruti yakishajaa ndani, hazitashuka."

"Baada ya shoti ngapi?" Ofuji akauliza.

"Sijui. Huko vitani hakuna anayeosha."

Tulipokuwa tukila, Isokichi alijikaza. "Baba, kabla hatujaendelea, kwa nini tusilinganishe vipimo na Tokuemon?"

Baba akaweka bakuli lake la wali chini. Alikuwa na kipande cha figili mdomoni, akakitafuna mpaka kikaisha. "Nani kakwambia havilingani?"

Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Ofuji. Ofuji akainamisha kichwa. Kama angesema, angerudishwa kwao siku hiyohiyo, na kwao wasingempokea, na wazee wangepata ugomvi wa kutosha miaka kumi bila kupima kitu chochote.

"Mimi," nikasema. "Nimeota."

"Basi kaoge." Akachukua bakuli lake. "Kumi ya nyumba hii ilipimwa kabla babu yake Tokuemon hajajua kushika koleo. Kama mtutu wake ni mwembamba, autanue yeye."

Kesho yake nikavuka mto na kibakuli cha figili za chumvi, eti zawadi. Tokuemon alikuwa akibandika mbayuwayu mdogo wa shaba kwenye mtutu wa mwanawe, karibu na shina. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Ule mtutu ulikuwa unang'aa ndani kama maji.

"Mzee," nikamwambia, "risasi zetu ni nene kwako."

Hakushtuka hata kidogo. "Najua. Kumi ya baba yako ina tumbo, kama yeye. Siku zote najua."

"Na mwanao ataibeba hii!"

"Mwanangu atabeba mtutu wa Tokuemon. Masizi hayashiki humu, binti. Yatashika wapi? Nimeusugua kwa mkono wangu tangu mwaka mpya." Akapulizia yule ndege, akamfuta kwa mkono wa vazi lake. "Mwambie baba yako apunguze tumbo."

Nilirudi kwa hasira. Nilitamani kuwafunga wazee wale wawili kwenye gunia moja niwatupe mtoni, japo mto wenyewe usingewafunika.

Tumaini letu likabaki kwenye siku ya majaribio. Hapa mtutu mpya hupigwa shoti tatu, moja ya mbingu, moja ya ardhi, moja ya mtu. Kisha huoshwa kwa maji ya moto, humwagiwa pombe ya mchele kidogo, na fundi huinama. Ndivyo ilivyokuwa kwa bunduki zote za utambi, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tatu. Mitutu ya nyumba zote mbili ikapigwa mmoja baada ya mwingine kule bondeni, kwa vifuko vyetu. Yote ikapita. Risasi zilikwenda mbali mno, zikatoboa mbao tulizozoea kuziona ni mwisho wa dunia. Watu walishangilia. Mimi nilihesabu, moja, mbili, tatu, kisha mvuke wa maji ya moto, na nikaona jinsi uzuri wa kazi ulivyokuwa unaficha kile tulichokijua.

Isokichi akasogea, akapiga magoti. "Bwana mkubwa, naomba mtutu mmoja wa nyumba ile upigwe mfululizo bila kuoshwa. Mpaka mkono uchoke."

Kuwabara akawageukia wazee.

"Haijawahi kufanyika," akasema Baba.

"Haijawahi," akasema Tokuemon. "Mtutu wangu haulali mchafu hata siku moja."

Walikuwa wameungana tena. Kuwabara alikohoa ndani ya kitambaa chake. "Baruti iliyobaki ni ya kwenda nayo," akasema. "Tunaondoka mwezi huu."

Ofuji alikuwa amesimama nami kwenye kundi la wanawake. Akanishika mkono akaubana mpaka mifupa ikalia. "Basi nitamwokoa mmoja," akaninong'oneza. "Wengine wana dada zao."

Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu sasa. Baba alipokwenda hekaluni kwa ajili ya mababu, Isokichi alichonga kalibu ndogo ya jiwe laini, akipimia risasi ya mshipini mwa mkewe. Alipunguza kidogo, akapima, akapunguza tena, mpaka risasi zake zikawa zinashuka vizuri kwenye kumi ya Tokuemon hata kukiwa na masizi. Mimi na wifi tukazifunga. Tulitumia uzi mwekundu zisije zikachanganyika na zile nyeupe. Ofuji hakutaka karatasi za watoto. Alichana kurasa nyeupe zisizo na neno lolote.

Askari walikusanyika ziwani, kwenye gati la mashua, asubuhi yenye ukungu. Ngoma zilikuwa zinapigwa tangu alfajiri. Tokuemon alikuja amevaa koti lake la sherehe, akasimama kando ya mwanawe kama nguzo, na Sanpei alikuwa ameshika bunduki yenye mbayuwayu, amevaa viatu vya majani ambavyo havikumtosha.

Ofuji akampa kifurushi. "Hizi ni zako. Usitumie nyingine. Umenisikia?"

"Kwani zote si zinatoka kwenu?"

"Sanpei!"

"Haya, haya, dada. Hizi tu." Akakipima mkononi. "Umeniwekea na figili?"

Tokuemon akanyoosha shingo. "Zile za Bwana zina kasoro gani?"

Kuwabara alikuwa hatua chache tu pale, akiita majina. Ofuji alitazama chini. Midomo ilimcheza, nikajua neno liko hapo ulimini, na nikajua pia kwamba akilisema mbele ya baba yake na ofisa, amekiri kuvunja kiapo na kuficha kalibu iliyochongwa kwa siri wakati wa vita.

"Nimezifunga kwa mkono wangu, Baba," akasema. "Ni za baraka."

"Uzi mwekundu?"

"Ili asizichezee kamari," nikadakia. "Mnamjua huyu."

Wote wakacheka, hata Tokuemon. Sanpei akamwinamia dada yake mpaka chini kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akanikonyeza mimi. "Dada Otora, nikirudi nitakuwa na ndevu."

Akaingia kwenye umati wa askari. Tokuemon alimtazama mara moja akageuka, akashika njia ya kurudi, maana kwetu baba hatazami mgongo wa mwana anayekwenda vitani. Sisi tulibaki. Mashua zikajaa, zikasukumwa, na moyo wangu ukaanza kutulia. Nilijisemea, mtoto ana bunduki ya baba yake na risasi ya bunduki hiyo, yaliyobaki ni ya mbingu.

Ndipo tukasikia sauti yake kutoka mashua ya tatu.

"Dada! Usimwambie Baba! Nimebadilishana na jamaa! Nimepata ya kwenu!" Akainua bunduki juu kwa mikono miwili, tukaona shina lake tupu, halina ndege. "Risasi ya kwenu, bunduki ya kwenu! Mimi mtoto wa mfua bunduki, sijasahau!"

Ofuji aliingia majini na nguo zake. Maji yalimfika magotini, yakamfika kiunoni. "Irudishe! Sanpei, irudishe! Hizo ni za mtutu wa Baba!" Nami nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Ngoma zilikuwa zinapigwa kwenye kila mashua. Yeye alitia kiganja sikioni, akacheka, akatikisa kichwa kuonyesha hasikii, akapunga mkono. Alidhani tunalia kama wanawake wengine wote waliokuwa gatini. Kisha ukungu ukawachukua.

Isokichi aliwafuata kwa njia ya nchi kavu, hakurudi mpaka miguu ikavimba. Njia ya mlimani ilikuwa imefungwa na askari. Alimpa mchukuzi mmoja ujumbe, na mchukuzi aliapa ataufikisha, nasi hatukusikia tena habari ya ujumbe wala mchukuzi.

Mpunga ukapandwa. Kila siku Ofuji alikuwa na neno jipya.

"Labda zimelowana, akazitupa."

"Labda," nikasema.

"Akizitia tu atasikia zinavyogonga. Amekulia karakana, si mjinga."

"Si mjinga hata kidogo."

"Labda hawakupigana."

Lakini tulisikia kwamba walipigana, na kwamba upande wetu ulishinda, na kijiji kikanywa pombe. Mimi nilikunywa nikasikia uchungu. Nilikuwa na hofu mchana kweupe, nikipika, nikifua, hofu isiyo na mahali pa kuitua. Baba na Tokuemon walikuwa wanasalimiana sasa, kila mmoja akiamini ni mitutu yake iliyoshinda.

Mpunga ulipovunwa, mchukuzi wa ngomeni alileta kwetu mzigo uliofungwa kwa majani makavu. "Mitutu mibovu," akasema. "Bwana anataka ifuliwe upya, chuma kisipotee."

"Wenye nayo wako wapi?" nikamuuliza.

"Wenye nayo?" Alikuwa akinywa maji, akafuta mdomo. "Hao hawaihitaji tena. Tuliwafukia kulekule mlimani."

Akaenda zake. Baba akakata kamba. Mtutu wa kwanza ulikuwa na alama ya Tokuemon, umepasuka katikati, chuma kimefunguka kama ganda la mbegu. Wa pili vilevile. Wa tatu. Ofuji aliipokea mmoja mmoja, anatafuta alama yetu, haipo, anauweka chini.

"Nilisema," Baba akanong'ona. "Nilisema kumi yake ni nyembamba." Na sura yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ya mtu aliyeshinda bishano. Nilichukia damu iliyo ndani ya mwili wangu.

Isokichi akavuta wa mwisho. Akaugeuza, tukaona alama yetu.

"Haiwezekani," akasema Baba. "Mtutu wetu, risasi zetu. Lete hapa." Ulikuwa umepasuka karibu na mdomo, pale ambapo risasi nyembamba huteleza na kufika mtu akikimbia kuteremka na bunduki imeinama. Baba alipitisha kidole pale, akaupeleka mwangani, akachungulia, akarudia. "Waliutia risasi gani huu?" akauliza. "Isokichi? Waliutia nini?"

Kwenye pete ya shaba ya kufungia mkanda kulikuwa na nyuzi nyekundu. Vipande vingi, vimefungwa fundo moja moja kwa ustadi, kila kifuko alichotumia Sanpei, alifunga uzi wake pale. Alikuwa amezitumia hizo tu, kama alivyoambiwa.

Ofuji akaanza kuzifungua. Mikono yake haikukosea fundo hata moja, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Tukasikia mtu anavuka mto mbio, maji yakiruka. Tokuemon aliingia bila kupiga hodi, yeye ambaye hakuwa amevuka kizingiti chetu tangu siku ya bunduki ile ya ng'ambo. Habari ya mzigo ilikuwa imemfikia. Alianguka magoti juu ya mitutu, akaipindua mmoja baada ya mwingine, anapapasa shinani, anauruka ule wenye alama yetu bila kuutazama. Alimaliza, akaanza upya, akamaliza tena.

"Hayupo," akasema. Akainua uso, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kidevu kisicho na ndevu. "Mbayuwayu hayupo! Mtutu wake haumo humu. Zenjuro, umeona? Mwanangu mzima!" Akainuka, akamshika baba yangu mabega, akamtikisa, anacheka. "Sema nina kiburi, sema kumi yangu mbovu, sema lolote, leo nakubali. Mwanangu mzima. Otora, leta pombe, binti yangu, leta pombe tunywe wote!"

Sikuinuka. Baba alikuwa anaziangalia zile nyuzi mkononi mwa Ofuji, kisha mshipi wake, kisha mtutu, na niliona jinsi anavyofika polepole pale tulipokuwa sisi tangu masika.

Ofuji alifumba kiganja. Akasogea kwenye mkeka mpaka karibu kabisa na Tokuemon, akamshika mkono.

"Baba," akasema, "kaa chini kwanza."